EF ya mama ni asilimia 58: moyo ni mzima au amepata C?

Mwana wa Kibakwe

Mbukwenyi wana jukwaa, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Naomba msaada wa kuelewa majibu ya kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, alichofanyiwa mama yetu hapa Dodoma wiki mbili zilizopita. Majibu hayo yameigawa familia pande mbili, na mimi niliyempeleka nimebaki katikati, karatasi mkononi.

Mama ana miaka 61. Anaishi Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, analima na kufuga kuku, na ukimwuliza anaumwa nini atakujibu kwamba haumwi kitu. Presha anayo kwa zaidi ya miaka kumi. Dawa anayo pia, amlodipini ya miligramu 5, lakini mwaka huu ndipo tulipogundua kwamba huimeza siku ambazo kichwa kinamgonga tu, na siku nyingine huiacha ili, kwa maneno yake, mwili usiizoee. Alipokuja mjini kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake nilimpeleka kliniki. Presha ilisoma 168 kwa 98, akapimwa umeme wa moyo, na daktari akasema kuna alama zinazoashiria kwamba msuli wa moyo umenenepa, hivyo akaagiza eko. Mama alilazwa kwa ubavu wa kushoto karibu nusu saa, akapakwa jeli kifuani, na alipotoka alisema mashine ile ilikuwa inavuma kama upepo wa mwezi wa nane.

Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, lakini nimejitahidi kunakili tarakimu, ya kwanza ikiwa EF, yaani kiasi cha damu ambacho moyo hutoa kila unapojiminya. EF ni asilimia 58. Ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, yaani vyumba vya moyo vinavyosukuma damu nje, una unene wa milimita 13. Atria ya kushoto, chumba kinachopokea damu kabla ya ventrikali, ina mililita 38 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na pembeni pameandikwa kwamba imetanuka kidogo. Upo mstari unaosema moyo haulegei vizuri, daraja la kwanza. Vali zote ni nzima. Mwishoni kabisa kuna sentensi isemayo kwamba nguvu ya kusukuma damu ni ya kawaida.

Kaka yetu mkubwa ni mwalimu wa sekondari. Alipoiona ile 58 alishika kichwa, akasema katika matokeo ya kidato cha nne hiyo ni C, na moyo si somo la mtu kupata C. Anataka mama apelekwe Muhimbili mara moja. Dada anayemfuata ameishikilia ile sentensi ya mwisho: moyo ni wa kawaida, mama haumwi, na losartani aliyoongezewa ni kumjaza mtu mzima vidonge bure. Mama mwenyewe, kama kawaida yake, yuko upande wa yule anayemruhusu kurudi nyumbani mapema.

Ninachouliza ni hiki: kipimo hiki kinaweza kweli kuonyesha kwamba moyo unaelekea kushindwa kufanya kazi ilhali mtu hana dalili yoyote, na kama ndivyo, ni mstari upi katika karatasi hii unaosema hivyo? Tena, je, sisi watoto watano nasi twende tukapimwe eko?

Sauti ya Moyo

Ndugu Mwana wa Kibakwe, marahaba kama nimekuzidi umri, na kama umenizidi basi shikamoo. Kazi yangu ni hiyohiyo ya kupima eko, na ugomvi wa familia yenu nimeusikia kwenye benchi la nje ya chumba changu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kaka yako amekosea na dada yako amekosea, ingawa kosa la dada ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nianze na la kaka kwa kuwa ni jepesi. EF haisahihishwi kama karatasi ya mtihani, na hakuna moyo duniani unaopata mia. Ventrikali ya kushoto ikishajaa damu, ikijiminya hutoa sehemu tu ya damu ile na kubakiza iliyosalia. Ikiwa ilikuwa na mililita 100 ikatoa 58, basi EF ni asilimia 58. Kwa mwanamke mzima kiwango cha kawaida ni kati ya 54 na 74 hivi, na kwa mwanaume kati ya 52 na 72. Moyo ambao msukumo wake umepungua kidogo husoma 41 hadi 49, na kuanzia 40 kushuka chini tunasema umepungua waziwazi. Kwa hiyo 58 ya mama ni tarakimu nzuri. Mweleze mwalimu pia kwamba tarakimu hiyo ina ulegevu wake: mpimaji mmoja anaweza kupata 58 asubuhi, mwenzake akapata 54 mchana kwa mgonjwa yuleyule, na wote wawili wakawa wamefanya kazi yao sawasawa. Mwakani ikisoma 55 msiitishe kikao cha ukoo.

Sasa la dada. Ni kweli nguvu ya kusukuma ni ya kawaida, na sentensi ile haikudanganya, lakini kusukuma ni nusu moja ya kazi ya moyo. Nusu nyingine ni kulegea ili ujae tena kabla ya pigo linalofuata. Karibu nusu ya watu wote wenye ugonjwa wa moyo kushindwa huko Ulaya na Marekani wana EF ya 50 au zaidi. Wanavimba miguu, wanakosa pumzi, wanalala wameegemea mito mitatu, na bado karatasi yao inasema msukumo ni wa kawaida. Moyo wao unajiminya vizuri lakini umekuwa mgumu, kama mkoba wa ngozi uliokauka juani, ambao ukiumiminia kitu hautanuki upesi.

Ndiyo maana mstari wa kwanza ninaoutazama katika karatasi ya mama ni ule wa milimita 13. Kwa mwanamke ukuta huo huwa na milimita 6 hadi 9. Kwa zaidi ya miaka kumi moyo wake umekuwa ukisukuma damu kwenye mishipa yenye shinikizo kubwa, na msuli umefanya kile ambacho mkono wa mtu anayetwanga mtama kila siku hufanya, umenenepa. Katika mkono jambo hilo halina shida. Katika moyo, msuli ulionenepa huhitaji damu nyingi zaidi kwa ajili yake wenyewe, na taratibu huingiwa na nyuzi ngumu kama kovu, zile zinazouzuia kulegea.

Mstari wa pili ni wa atria ya kushoto. Mpaka wake wa juu ni mililita 34 kwa mita ya mraba na mama ana 38. Atria ni chumba chenye kuta nyembamba kinachomimina damu kwenye ventrikali, na ventrikali ikiwa ngumu, atria hulazimika kusukuma kwa nguvu, nayo hutanuka kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Mimi huiamini kuliko mashine ya presha, kwa kuwa presha ya kliniki inaeleza asubuhi ile tu, pengine mtu amepanda basi tangu alfajiri na hajanywa hata chai, lakini atria haitanuki kwa sababu ya asubuhi moja.

Lile daraja la kwanza la kutolegea vizuri, likiwa peke yake kwa mtu wa miaka 61, lisingeninyima usingizi, maana moyo hupoteza wepesi wake kwa umri kama magoti. Likikaa pamoja na ukuta mnene na atria iliyotanuka ndipo linapopata uzito.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Madaktari wa moyo hupanga safari ya ugonjwa huu katika hatua nne, A hadi D. Hatua A ni mtu mwenye kihatarishi, kwa mfano presha au kisukari, lakini moyo wake bado haujabadilika. Hatua B ni mtu ambaye moyo umekwisha kubadilika na hajaona dalili yoyote. Tangu mwaka 2021 mafafanuzi ya kimataifa yanaiita hatua ya kabla ya moyo kushindwa. C ni mtu mwenye dalili, na D ni ugonjwa uliokomaa. Mama yako, kwa ninavyosoma hiyo karatasi, yuko B, na kumtofautisha mtu wa A na mtu wa B ndiko hasa kunakohitaji eko, kwa sababu wote wawili wanatembea, wanalima, na wakiulizwa wanasema hawaumwi.

Msidhani ni jambo la wazee wa Ulaya. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa walifuatiliwa. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55, na chanzo kikuu kilikuwa presha, asilimia 45 ya wagonjwa. Mama amewazidi miaka sita tu.

Kuhusu losartani, inashusha presha na ni miongoni mwa dawa zinazosaidia ukuta ulionenepa kupungua unene. Sitabadilisha dozi ya mtu kupitia jukwaa, ila ulizeni kliniki kuhusu kipimo cha damu cha figo na potasiamu, ambacho kwa kawaida hufanywa wiki moja hadi mbili baada ya kuanza dawa ya kundi hilo. Lengo la kwanza ni presha ishuke chini ya 140 kwa 90, kisha, kama mwili unavumilia bila kizunguzungu, isogee chini ya 130 kwa 80. Marekani walifanya jaribio kubwa lililotolewa mwaka 2015, lenye watu 9,361, wakashusha presha ya juu hadi chini ya 120 kwa kundi moja na chini ya 140 kwa kundi lingine. Kundi la kwanza lilipata moyo kushindwa pungufu kwa asilimia 38. Sisemi mama afikishwe 120. Nasema presha ndiyo mkono wa kushika hapa, na haraka ya kwenda Muhimbili siioni, hasa kwa kuwa daktari bingwa wa moyo mnaweza kumwona hapahapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Ninyi watoto watano, pimeni presha. Presha ni ya kurithi kwa sehemu, na mashine ya mkononi itawaambia zaidi ya eko kwa sasa. Ingekuwa mama amekutwa na moyo uliotanuka na kuwa dhaifu bila sababu inayojulikana, ningewaambia mje wote, kwa sababu aina hiyo hutembea katika ukoo. Hapa sababu inajulikana na ina miaka zaidi ya kumi.

Mzee wa Kondoa

Nimshukuru aliyetangulia, na niongeze yaliyonikuta kwa sababu naona vijana wengi siku hizi wanakimbilia vipimo kama wanavyokimbilia simu mpya.

Mwanangu ana miaka 34, hanywi pombe, havuti, presha yake ni 118 kwa 74. Mwaka jana kuna mahali alilipia kifurushi cha uchunguzi wa mwili mzima, sitapataja, na ndani ya kifurushi hicho mlikuwa na eko. Majibu yakaandika kwamba vali ya kulia inavujisha damu kidogo sana. Hakuelezwa lolote, alikabidhiwa bahasha na risiti. Kijana aliacha mpira, akaacha kubeba ndoo, usiku akawa anajishika kifua na kuhesabu mapigo. Miezi minne baadaye daktari wa moyo alimtazama, akacheka kwa upole, akamwambia kwamba uvujaji mdogo namna ile katika vali ile hupatikana kwa watu wengi wazima na hauna maana yoyote.

Miezi minne ya hofu tuliilipia wenyewe. Kwa hiyo ninauliza: kama kipimo kinaona mambo mapema, kwa nini kisifanywe kwa watu wote, au ndiyo haya ya mwanangu yatakayojaa mitaani?

Sauti ya Moyo

Mzee, shikamoo. Umeuliza swali ambalo Wanorwei walilijibu kwa kulifanyia kazi. Katika mji wa Tromsø watu 6,861 wa umri wa kati waligawanywa kwa kura. Upande mmoja ulipimwa eko, upande mwingine haukupimwa. Baada ya miaka 15, kwa mujibu wa matokeo yaliyotoka mwaka 2013, waliofariki walikuwa takriban asilimia 27 katika pande zote mbili. Eko iligundua kasoro za vali kwa watu kadhaa, lakini haikuongeza maisha ya kundi kwa ujumla. Ndiyo maana miongozo haipendekezi kumpima eko kila mtu asiye na kihatarishi, na kijana wako hakupaswa kuuziwa kipimo kile.

Mambo hubadilika ukianza kwa kuchagua. Ireland walichukua watu wenye vihatarishi, kama presha na kisukari, wakawapima kwanza kichocheo cha damu kiitwacho BNP, ambacho hupanda moyo unapovutwa kupita kiasi. Waliokuwa nacho juu ndio waliopelekwa eko na kufuatiliwa kwa karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliofuatiliwa hivyo walipata udhaifu wa moyo na moyo kushindwa kwa uchache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwetu kipimo hicho cha damu hakipatikani kila mahali, kwa hiyo mara nyingi ungo wetu wa kwanza ni presha, sukari, historia ya mgonjwa na umeme wa moyo, kama alivyofanya yule daktari wa mama.

Nami sitaficha: sisi wapimaji tuna sehemu yetu ya lawama. Tunaandika kila kitu tunachokiona, kwa Kiingereza, kisha tunamkabidhi mgonjwa bahasha.

Muuguzi Kliniki ya Presha

Mimi nizungumzie hilo la kumeza dawa kichwa kinapogonga, kwa kuwa ndilo lililomfikisha mama hapo alipo na eko haitalitibu.

Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu na hujengeka taratibu kwa siku kadhaa. Anayeimeza Jumatatu na kurudi kwayo Ijumaa hajawahi kupata faida yake kamili hata wiki moja. Presha kwa kawaida haiumi kichwa, kwa hiyo kusubiri kichwa ni kusubiri mgeni ambaye huenda asije. Mfungieni dawa na jambo ambalo halisahau. Wapo mabibi ninaowahudumia ambao huimeza wanapofungulia kuku asubuhi, na hao hawakosi hata siku moja, kwa sababu kuku hawakubali kusahauliwa.

La pili ni magadi. Wenzangu wa Dodoma mnanielewa: mlenda wetu bila magadi watu hawauoni kama mlenda, na mama akishaambiwa apunguze chumvi atapunguza chumvi kwa moyo mweupe, kisha ataongeza magadi. Madini ya sodiamu yaliyomo kwenye chumvi yamo pia kwenye magadi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na dagaa waliokaushwa kwa chumvi wamo katika hesabu hiyo. Mlenda apike, atie karanga, magadi ayapunguze hadi ulimi uzoee. Huchukua wiki kadhaa, na watoto wa nyumbani ndio watakaolalamika kuliko yeye.

La mwisho, mashine ya nyumbani. Nunueni ya mkono wa juu, yenye mkanda unaoenea vizuri; ile ya kifundo cha mkono inakosea kwa urahisi. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, apime mara mbili na kuandika daftarini. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko kumbukumbu yako.

Fundi Redio

Naomba kuuliza bila kudharau taaluma za watu. Umeme wa moyo ulikwisha kuonyesha kwamba msuli umenenepa. Eksirei ya kifua nayo ingeonyesha kama moyo umekuwa mkubwa. Eko imeongeza nini isipokuwa gharama? Tena nimesikia kuna vifaa vidogo vya eko vinavyochomekwa kwenye simu. Je, hivyo vitafika zahanati zetu?

Sauti ya Moyo

Fundi, wewe utaielewa eko kuliko wengi, kwa kuwa ilizaliwa katika karakana za watu kama wewe. Mwaka 1953, Lund huko Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima kifaa cha mawimbi ya sauti kilichokuwa kikitumika kutafuta nyufa katika chuma kwenye kiwanda cha meli mjini Malmö, wakakielekeza kifuani. Hadi leo kazi ni ileile: sauti isiyosikika inatumwa, inagonga ukuta, inarudi, na muda wa kurudi unaeleza umbali. Mvumo alioutaja mama ni mashine ikigeuza mwendo wa damu kuwa sauti inayosikika, na haina mionzi kama ya eksirei.

Umeme wa moyo huonyesha unene pale unapokuwa dhahiri na hukosa wengi. Mtu anaweza kuwa na karatasi safi ya umeme na ukuta wa milimita 13. Eksirei huonyesha kivuli cha moyo kutoka nje, na ukuta unaonenepa kuelekea ndani haukuzi kivuli. Vyote viwili haviwezi kukwambia kama moyo unalegea, wala kama EF ni 58 au 38, na tofauti hiyo hubadilisha dawa. Mwenye 38, hata akiwa hana dalili, atapewa dawa ambazo mwenye 58 hazihitaji kwa sasa.

Vifaa vya simu vipo na vinafaa kwa maswali makubwa: je, moyo unajiminya au haujiminyi ipasavyo, kuna maji kuuzunguka au hakuna. Kwa milimita na mililita za atria bado ninataka mashine kamili na mtu aliyezoea. Uganda wametuonyesha faida ya kutafuta mapema kwa upande mwingine kabisa, ule wa vali za watoto zinazoharibika baada ya maambukizi ya koo. Watoto 818 waliogunduliwa kwa eko wakiwa na dalili za awali kabisa, ambazo hata stetoskopu haizisikii, waligawanywa. Waliochomwa penisilini kila wiki nne, asilimia 0.8 tu hali yao ilisonga mbele katika miaka miwili, na wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Huko kipimo kilikutana na sindano ya bei nafuu inayojua kazi yake.

Binti Manyoni

Naongeza kundi moja ambalo halijatajwa. Nilitibiwa saratani ya titi kwa dawa nyekundu ya dripu, doksorubisini, ambayo inajulikana kwamba huweza kudhoofisha msuli wa moyo. Kabla ya dripu ya kwanza nilipimwa eko, EF ilikuwa 63. Baada ya dripu za mwisho ilisoma 49, wakati mimi nilikuwa ninapanda ngazi na kufua nguo zangu kama kawaida. Nilianzishiwa dawa za kusaidia moyo, enalapril na kavedilol, siku ileile, na leo, mwaka na nusu baadaye, nasoma 57. Yeyote mwenye ndugu anayeanza dawa hiyo aulize kuhusu eko ya kwanza kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu bila ile 63 yangu, pengine 49 ingeonekana kuwa imeteremka kidogo tu.

Mwana wa Kibakwe

Nawashukuru wote. Mzee wa Kondoa, shikamoo, na pole kwa kijana.

Jumapili tulikaa, nikasoma majibu yenu kwa sauti, mama akiwa amekaa mkekani anachambua choroko na kujifanya hasikii. Tulipofika kwenye magadi aliinua kichwa, akauliza huyo muuguzi ni mtoto wa nani. Losartani ameikubali kwa sharti kwamba arudi kwa kuku wake, na vidonge vyote viwili vitakaa kwenye kopo la pumba, ambalo analifungua kila asubuhi. Kipimo cha figo na potasiamu tumepangiwa Alhamisi kabla hajasafiri. Daktari amesema eko nyingine si ya haraka, ataiagiza baada ya mwaka mmoja hivi, au mapema zaidi kama atavimba miguu, ataanza kuamka usiku akitafuta hewa, au uzito utapanda kwa kilo mbili ndani ya siku chache. Hayo tumeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la presha.

Mashine tuliyoinunua ilianza kazi palepale. Watoto watano tulipima mmojammoja, mara mbili kila mtu, kama alivyoelekeza dada Muuguzi. Wanne tuko chini ya 130. Kaka mwalimu alisoma 164 kwa 102, akasema mashine ni mbovu, akapima mkono mwingine, ikasoma 162 kwa 100. Kesho saa mbili asubuhi nampeleka kliniki, na mama amesema hapandi basi la Mpwapwa mpaka ayaone majibu ya kaka.